Timu naiongoza mimi, lakini usiku kazi zao nazifanya mwenyewe

Shikamoo Shangazi.

Nina miaka 32, naishi Kimara, nina mke na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ni mhandisi wa programu za simu. Nilianza kuandika programu za Android nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, enzi ambazo kila kitu tuliandika kwa lugha ya Java, na ile mpya ya Kotlin ndiyo kwanza inasikika. Kampuni niliyopo niliingia nikiwa mwajiriwa wa pili. Programu yetu ni ya VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: mweka hazina anaona nani kanunua hisa na nani ana mkopo, na mwanachama analipa mchango wake kwa simu bila kubeba fedha hadi kwenye kikao. Misingi yake karibu yote niliiandika mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, utaona mbele kwa nini nimelitaja.

Mwaka jana mwezi wa nne bosi aliniita akanikabidhi barua: kuanzia leo wewe ni kiongozi wa timu. Watu watano chini yangu, na mshahara ukaongezwa. Nyumbani tulichinja kuku. Lakini hakuna aliyeniambia kazi yenyewe ni ipi. Kazi zangu za zamani nilibaki nazo zote, zikaongezeka vikao.

Siku yangu iko hivi. Nafika ofisini saa mbili asubuhi. Hadi mchana ni vikao, na vikao vikiisha kila baada ya dakika chache kuna mtu mezani kwangu: "Kaka, hii niifanyeje?" Nikimweleza naona anachelewa, basi namwambia iache nitaiangalia. Jioni napanda mwendokasi nikiwa sijaandika hata mstari mmoja. Mtoto akishalala nafungua kompyuta, na mara nyingi naifunga saa nane usiku. Asubuhi wenzangu wanakuta kazi zao zimekwisha.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Kuna binti mmoja kwenye timu, yuko mwaka wake wa pili kazini, mwepesi wa kuelewa. Nilimpa sehemu ya malipo: mtandao ukikatika katikati ya malipo, programu ijaribu tena yenyewe. Akaileta Alhamisi. Niliipitia usiku saa saba, macho yanauma, nikaandika "sawa". Ijumaa saa kumi na moja jioni nikapeleka toleo jipya Google Play, kwa watumiaji wote.

Jumamosi simu zikaanza. Jumatatu mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha Mbagala, alikuja mwenyewe ofisini. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka kwenye kona. Akanionyesha jumbe mbili zimefuatana: shilingi 20,000 imekatwa saa tatu na dakika 14, halafu shilingi 20,000 nyingine dakika hiyo hiyo. Ilikuwa hivyo kwa wanachama wanane wa kikundi chake. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, wenzangu wanadhani nimekula." Fedha tulizirudisha zote ndani ya siku tatu, lakini sauti yake bado naisikia.

Kwenye kikao cha mchana ule bosi aliuliza nani aliandika sehemu ile. Nikamtaja binti. Lilikuwa jibu la kweli. Sikusema kwamba niliyeipitisha ni mimi. Usiku nikakaa nikaiandika upya yote, asubuhi nikawaambia imekwisha, tuendelee. Tangu siku hiyo binti yule haulizi wala hapendekezi kitu. Anaomba kazi ndogo ndogo, rangi za vitufe, maneno ya kwenye menyu.

Mwezi uliopita aliyekuwa mzoefu kuliko wote ameacha kazi. Siku ya kuagana alinishika mkono akaniambia, "Kaka, mimi hapa sijifunzi. Kila nikianza jambo nakuta umeshalimaliza." Nilikasirika. Nilijiona kama mtu aliyebeba wenzake mgongoni halafu analaumiwa kwa kuwabeba.

Mwezi wa kwanza tulifiwa Muheza. Siku ya maziko bosi akapiga simu, kuna toleo lazima litoke, na ufunguo wa kusaini matoleo, faili la siri linalothibitisha kwamba toleo ni letu kweli, uko kwenye kompyuta yangu peke yangu. Nikaondoka chini ya turubai, nikakaa ndani ya gari la shemeji nusu saa nzima nikitafuta mtandao. Niliporudi walikuwa wameshaelekea makaburini.

Hivi sasa tumechelewa na toleo la mikopo ambalo bosi analitaka kabla ya mwezi wa saba. Anasema ataniongezea wahandisi wawili ili tuwahi. Mke wangu ameacha kulalamika, na hilo linaniogopesha zaidi. Juzi tu alisema, "Mtoto anakufahamu kwa mgongo."

Na hapo hapo kuna kampuni ya Berlin imenipa ofa. Nitafanyia kazi nyumbani, mhandisi wa kawaida, sina wa kumsimamia, mkataba wa mwaka mmoja, malipo karibu mara mbili. Nina wiki tatu za kujibu. Nikikubali, baba atasema nimeshushwa cheo. Nikibaki, naona naharibu watu na nyumba yangu. Shangazi, kuna watu hawakuumbiwa kuongoza? Niondoke?

Mimi, Mhandisi wa Kimara

*

Marahaba mwanangu.

Pole na msiba wa Muheza, na pole kwa kuyakosa maziko. Mtu hapaswi kuchagua kati ya jeneza na toleo la programu, na hilo nitalirudia kabla sijamaliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama mahali pamoja, pale kwenye kikao cha Jumatatu. Uliulizwa nani aliandika, ukataja jina moja. Yalitakiwa mawili. Katika kazi yetu anayepitia msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mwenzake na kuandika "sawa" ametia saini. Binti aliandika, wewe ukasaini, na aliyebonyeza kitufe cha kuutuma kwa watumiaji wote Ijumaa jioni ni wewe pia. Bosi alipoondoka pale kikaoni alikuwa na picha ya mtu mmoja mzembe, na picha hiyo si ya kweli. Najua hukukusudia. Ulikuwa umechoka na umeogopa. Lakini yule binti alikuwepo, alikusikia ukinyamaza, na ndiyo maana siku hizi anaomba rangi za vitufe. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa uvivu wowote. Anajikinga tu.

Kwa hiyo kabla ya Berlin, kabla ya mwezi wa saba, Jumatatu hii mwite pembeni. Usianze na maelezo marefu. Mwambie: "Siku ile niliipitisha kazi yako bila kuiangalia vizuri, na kikaoni sikusema. Nilikukosea." Kisha lirudie mbele ya bosi na mbele ya timu, siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya watu. Kumwomba radhi sirini peke yake hakutoshi.

Sasa tuitazame hitilafu yenyewe, kwa kuwa humo ndani kuna jibu la nusu ya maswali yako. Simu ikituma ombi la malipo, linaweza lisifike kabisa. Linaweza kufika na jibu likarudi. Na linaweza kufika, fedha ikakatwa, halafu jibu likapotea njiani kwa sababu mtandao umekatika. Ukiwa upande wa simu, hali ya kwanza na ya mwisho zinafanana kabisa: kimya. Mtu anayejaribu tena akidhani ombi halikufika atamkata mama wa Mbagala mara ya pili. Dawa yake unaijua na mimi naijua: simu itengeneze namba ya kipekee ya muamala kabla ya kutuma, na kila ikirudia itume namba ile ile, ili seva, ile kompyuta kuu inayopokea maombi, ikiiona mara ya pili ijibu "huyu ameshalipa" bila kugusa fedha. Sasa niambie, ulimwambia lini binti jambo hilo? Kwenye barua yako maagizo ni haya tu: mtandao ukikatika, ijaribu tena. Na ndicho alichokifanya. Maarifa yaliyokosekana hayakuwa ya kwake kuyakosa. Yalikuwa kichwani mwako, na kichwa chako kilikuwa kwenye vikao mchana na kwenye kazi za watu usiku.

Hapo ndipo ilipo kazi yako mpya, ile ambayo hukuambiwa siku ya barua na kuku. Kiongozi wa timu analipwa ili yaliyo kichwani mwake yahamie kwenye vichwa vya wenzake. Dakika 20 za kuchora pamoja kwenye ubao njia tatu za ombi kupotea zingewaokoa wale mama, zingemwokoa binti, na zingekupa usiku wako.

Nakwambia hivi kwa sababu nami nilipita huko huko. Mimi nilianza mwaka 2006, tukiandika programu za simu za Nokia. Baadhi ya simu hizo hazikuruhusu programu nzima izidi kilobaiti 64, picha na maandishi yote humo humo. Kuibana programu ikaingia mle ilikuwa kazi ya mtu mmoja, usiku, peke yake, akipunguza herufi moja moja kwenye majina ya vigezo. Niliiweza sana. Kwa kuwa niliiweza nikapewa vijana wanne niwaongoze, na kwa kuwa niliiweza nikawaharibu. Kila kazi yao niliiona ina kilobaiti mbili za ziada, basi nikienda nayo nyumbani. Ilifika mahali wakawa wananiletea kazi nusu, kwa kuwa walijua nitaimalizia. Nami nikasema vijana wa siku hizi hawajitumi.

Aliyenisaidia ni mhandisi mmoja mtu mzima, alikuwa wa mitambo na si wa programu. Alinikuta nimemnyang'anya kijana kibodi, akaniambia nikae nyuma yake, mikono niikalie. Nami nikakaa. Yule kijana alihangaika dakika 40 na jambo ambalo mimi ningelimaliza kwa tano, na kila alipokosea viganja viliniwasha. Hakupata njia yangu. Alipata ya kwake, mbaya kidogo kuliko yangu, lakini ilifanya kazi. Juma lililofuata jambo kama lile alilimaliza kwa dakika kumi, na mimi sikuwepo hata chumbani. Siwezi kukueleza nilivyojisikia siku ile. Ilikuwa furaha, na chini ya furaha kulikuwa na uchungu wa kujua kuwa wanaweza kuendelea bila mimi. Nadhani uchungu huo ndio unaoukimbia kila saa nane usiku. Ulitaja kwamba misingi ya programu ile uliiandika wewe, na nikaelewa kwa nini uliitaja. Ni nyumba uliyoijenga kwa mikono yako, na unaona wengine wanapigilia misumari. Inauma. Lakini yule aliyekuaga alikwambia kweli, na hasira uliyoipata ni kwa sababu uliisikia.

Google waliwahi kulichunguza jambo hili kwa wasimamizi wao wenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kampuni ile imejengwa na wahandisi, na wengi wao waliamini kuwa kiongozi mzuri ni yule anayewazidi wenzake ujuzi. Kati ya mambo manane yaliyowatofautisha viongozi bora, ujuzi wa kiufundi ulikuwemo, lakini ulishika nafasi ya nane. La kwanza lilikuwa kuwafundisha watu vizuri. La pili lilikuwa kuwaachia kazi bila kuwaingilia kila hatua. Sikuambii haya ili uache kuandika programu. Ujuzi wako ndio unaokuwezesha kujua swali gani la kumuuliza binti. Lakini swali ndilo kazi yako sasa. Kesho mtu akija mezani, "Kaka, hii niifanyeje?", muulize, "Wewe umefikiria njia zipi?" Siku za mwanzo atakutazama tu, maana umemzoesha majibu. Vumilia ukimya huo. Asipokuwa na njia hata moja, mchoree mbili, achague yeye, na akichagua ile ambayo wewe usingeichagua lakini haina madhara, mwache nayo.

Penye madhara usimwache mtu yeyote peke yake, hata mwenyewe. Fedha za watu ni mahali hapo. Kazi ya malipo ipitiwe mchana, na watu wawili, na aliyeiandika awaonyeshe nini kinatokea mtandao ukikatika katikati. Si kwa maneno: chukua simu ya bei ya chini kama wanazotumia wateja wenu, bonyeza lipa, zima data kabla jibu halijarudi, washa tena, hesabu mmekatwa mara ngapi. Jaribio hilo linachukua dakika tano. Toleo lisitoke Ijumaa jioni, na lisitoke kwa wote. Google Play inakuruhusu kuanza na asilimia ndogo ya watumiaji na kusimamisha ukiona mambo yameharibika. Unajua pia kwamba kusimamisha hakuwarudishi waliokwisha kulipokea toleo bovu. Hao watasubiri toleo jipya lenye namba ya juu zaidi, na wengi wao hawasasishi haraka, bando limeisha au simu imejaa. Kwa hiyo kinga halisi ya kukata mara mbili iwe kwenye seva, ambako mnaweza kurekebisha saa ile ile bila kumwomba mtu apakue chochote. Hiyo kinga ya kwenye seva mpe binti aisimamie. Ndiyo, yeye. Mpe kwa jina lake, mbele ya bosi, nawe ukae kando yake. Yeye ndiye anayeifahamu hitilafu hiyo kwa uchungu kuliko mtu yeyote ofisini, na akiiziba mwenyewe atainua kichwa.

Kuhusu wahandisi wawili wa kuokoa mwezi wa saba, mzuie bosi wako mapema. Fred Brooks, aliyeongoza ujenzi wa OS/360, mfumo wa kuendesha kompyuta kubwa za kampuni ya IBM, miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi, na sijaona timu iliyomshinda kwenye hilo. Sababu zake utaziona ofisini kwenu. Wageni hawajui chochote, na wa kuwafundisha ni wale wale waliozidiwa. Halafu kuna mazungumzo. Ninyi mko watano sasa, pamoja nawe, na njia za watu wawili wawili kuelewana ni kumi. Mkiwa saba zinakuwa 21. Wawili wameongezeka, mazungumzo yamezidi mara mbili. Waajiri, sawa, lakini kwa ajili ya miezi ya mbele. Kwa mwezi wa saba kinachopungua ni kazi, si muda. Nenda kwa bosi na karatasi yenye kila kitu kinachotakiwa kwenye toleo la mikopo, na ukae naye mpaka amechagua vya kuachwa. Labda mikopo ianze na vikundi vichache tu vya Dar es Salaam, na ukumbusho wa marejesho utumwe kwa ujumbe wa kawaida wa simu badala ya skrini mpya. Usimwulize "tutawahi?" Mwulize "kipi kisubiri?" Na umwambie pia kwamba kazi mbili alizokupa kwa mshahara mmoja na nusu hazibebeki. Nusu ya siku zako iwe ya watu, na bosi alijue hilo, alikubali, na aache kukuitia vikao ambavyo wewe huna unachokifanya humo.

Nije Berlin. Umeuliza kama kuna watu hawakuumbiwa kuongoza. Wapo, na hakuna aibu. Wapo wahandisi wanaoongoza watu na wapo wanaozama kwenye ufundi mpaka uzeeni, na kampuni nyingi zinazojua thamani yao huwalipa sawa na mameneja. Mweleze baba hivyo. Fundi bingwa wa kuchonga milango hashushwi cheo kwa kukataa kuwa msimamizi wa karakana. Lakini wewe sijashawishika kuwa ni mmoja wao. Umenieleza kona ya kioo kilichopasuka. Umekumbuka maneno ya mama neno kwa neno. Umeona binti amenyamaza, na umeona mkeo ameacha kulalamika ukajua maana yake. Asiyefaa kuongoza watu hayaoni hayo. Ulichokosa ni mtu wa kukufundisha, na ulipewa cheo kama mtu anavyokabidhiwa gari bila kuelekezwa breki.

Ofa usiikatae kwa sababu yangu. Isome kwanza kama mkataba, kando ya uchovu wako. Mkataba wa mwaka mmoja wa kulipwa kwa kazi, na si ajira, kwa kawaida hauna mchango wa mwajiri NSSF, hauna bima ya afya ya mkeo na mtoto, na kodi ya TRA utaikokotoa na kuilipa mwenyewe. Toa hayo kwenye hiyo "karibu mara mbili" ndipo uone kinachobaki. Waulize msimbo wako utapitiwa na nani, na wewe utapitia wa nani, maana hata huko hutakuwa peke yako kama unavyodhani. Popote penye watu wawili na msimbo mmoja kuna uongozi. Saa zao si tatizo, wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na moja wakati wa kiangazi chao.

Wiki tatu zinakutosha. Ya kwanza, yamalize ya binti na ya bosi. Ya pili, ishi bila kufungua kompyuta usiku, hata kazi ya mtu ikilala nusu. Ya tatu, jipime. Ukiwa umepumzika na dhamiri imetulia, halafu bado mkono unatamani msimbo kuliko watu, chukua Berlin na uende kwa furaha. Lakini ukienda sasa hivi, na yule binti hajasikia neno lako, utaibeba Jumatatu ile hadi kwenye kazi mpya. Na ukibaki bila kubadili kitu, mwezi wa saba utakukuta umebaki na watu watatu.

Nyumbani sina mengi ya kukuelekeza, mkeo ameshasema lote kwa sentensi moja. Mwambie tu umelisikia, na mwambie ni usiku gani kompyuta haitafunguliwa. Taja siku. Akishaona siku ya tatu na ya nne umetimiza, ataanza tena kulalamika, na ushukuru.

La mwisho ni ule ufunguo. Huwezi kuwa mtu pekee mwenye ufunguo wa kusaini matoleo. Kompyuta ile ikiibwa kwenye daladala, na kama programu yenu ilianza kabla ya Agosti 2021 na hamkuhamia kwenye utaratibu wa Google wa kukutunzieni ufunguo, hamtaweza kuisasisha tena programu hiyo. Mtalazimika kuanza nyingine na kumwomba kila mama wa kila kikundi aipakue upya. Angalia leo kama mmehamia. Kama bado, hamieni, na nakala ya ufunguo iwekwe mahali salama pa kampuni. Kwenye akaunti ya Google Play ongeza watu wawili wenye ruhusa ya kutoa toleo, kila mmoja kwa barua pepe yake, bila kupeana nywila. Kisha toleo lijalo, hata liwe dogo, walitoe wao huku wewe umekaa nyuma ukitazama. Lifuatalo walitoe ukiwa haupo ofisini. Arobaini ya Muheza kama bado haijafika, nenda siku hiyo, na kompyuta iache Kimara.

Shangazi